Nimempa Morani mkuki wa dadu ya pande 12 na mchezo umeharibika. Nifanyeje?

"Tuko watano hapa Kisumu, tunacheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila Jumamosi jioni kwa kanuni zile za bure zinazosomeka kwenye simu. Mimi ndiye mwongoza mchezo. Tulichoka na ngome za mawe na theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga, nikatunga dunia yetu yenye ziwa, milima na maboma. Nimetunga pia klasi mpya, yaani aina za wahusika: Morani badala ya Barbariani, Mvuvi wa Ziwa, Mpiga Nyatiti, na Mrusha Mishale ya Sumu. Mkuki nimeupa dadu ya pande 12 kwa sababu ndio silaha yetu. Rungu likirushwa linarudi mkononi. Sime inaongeza 2 kwenye kulenga na 2 kwenye madhara. Sasa Morani anamaliza maadui peke yake na wengine wanatazama simu. Halafu rafiki yetu ambaye ni Mnandi alikasirika niliposema Morani wa milimani ana nguvu zaidi kwa 2 na akili pungufu kwa 2. Hajaja mezani wiki mbili. Je, nifute kila kitu nirudi kitabuni, au kuna njia ya kuzitendea haki silaha zetu bila kuua mchezo?"

Usifute, ndugu yangu. Ulichotunga kina uhai kuliko hizo ngome mlizozichoka. Lakini umefanya mambo mawili ambayo nayakuta mara kwa mara kwenye meza ninazozisaidia hapa Nakuru: umeipa silaha heshima kwa kuipa namba kubwa, na umechukua kabila ukaligeuza klasi. La kwanza linarekebishika jioni moja kwa kalamu na karatasi. La pili ndilo lililomwondoa rafiki yako, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Tuanze na hesabu. Chukua mpiganaji wa leveli ya 1 mwenye nguvu 16. Nguvu hiyo inampa nyongeza ya 3, umahiri unampa 2, basi akirusha dadu ya pande 20 anajumlisha 5. Goblini wa kanuni za bure ana kinga 15 na pointi 7 za uhai. Mpiganaji wako anahitaji 10 kwenda juu ili ampate, yaani mara 11 katika kila 20, na hapo aina ya mkuki haibadilishi kitu. Tofauti inakuja pigo likishatua. Mkuki wa kitabuni ni dadu ya pande 6. Ukiongeza 3 za nguvu, goblini anaanguka kwa pigo moja dadu ikionyesha 4, 5 au 6, yaani nusu kwa nusu. Mkuki wako wa pande 12 unamwangusha dadu ikitoa chochote kuanzia 4, yaani mara tatu kwa nne. Ongeza ghadhabu ya Barbariani, ambayo inatia 2 nyingine kwenye madhara, na sasa anaanguka mara 11 kwa 12. Kila pigo linalotua ni kifo. Wenzako hawatazami simu kwa kukosa adabu. Zamu yao ikifika, adui ameshakwisha.

Kuna jambo jingine lililojificha hapo. Kitabuni, dadu ya pande 12 ni ya shoka kubwa, na shoka hilo linakula mikono yote miwili na halirushwi. Mkuki wako unashikwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una ngao inayoongeza 2 kwenye kinga, na ukitaka unaurusha. Hizo ni faida tatu ambazo watunzi wa kanuni walizitenganisha makusudi ili mchezaji alazimike kuchagua. Ukimwondolea uchaguzi, umemwondolea mchezo.

Sime nayo ni mbaya zaidi, ingawa 2 inaonekana kitu kidogo. Toleo la tano la mchezo huu, lililotoka mwaka 2014, lilibana namba kwa makusudi. Umahiri unaanza na 2, unafika 4 kwenye leveli ya 9, na haufiki 6 mpaka leveli ya 17. Kwa hiyo ulipoongeza 2 kwenye kulenga, ulimpa kijana wa leveli ya 1 mkono wa mtu wa leveli ya 9, na juu yake ukamwongezea madhara. Silaha za namna hiyo kitabuni ni za kichawi na zimewekwa kwenye daraja la vitu adimu. Ni sawa na kucheza ajua na mtu aliyeanza na kete za ziada kwenye kila shimo: hata kama hajui kucheza, atakushinda.

Sasa, tuzitendee haki vipi? Swali ninalouliza mimi mbele ya silaha yoyote ni moja: mkono wa mwenyewe ulikuwa unaitumia kufanya nini ambacho silaha nyingine haiwezi? Jibu la swali hilo ndilo kanuni yako, na mara nyingi utaikuta tayari kitabuni kwa jina jingine.

Chukua rungu. Karibu kila mtu hulipeleka kwenye mstari wa rungu la kawaida la kitabuni: dadu ya pande 4, jepesi, basi. Mstari huo hauna kurusha, wakati rungu letu lina kichwa kizito na mpini mwembamba ili lipige karibu na liruke mbali. Shuka mistari michache hadi kwenye nyundo nyepesi. Ina dadu ile ile ya pande 4, inaponda, ni nyepesi, na inarushwa futi 20 bila shida, hadi 60 kwa kulenga kwa taabu. Hapo umepata rungu bila kutunga hata neno. Kuhusu kurudi mkononi, ondoa. Mchezaji anayejua rungu halirudi atabeba mawili kiunoni, ataogopa kurusha la mwisho, atakimbia kuliokota katikati ya vita huku mishale ikipita, na hiyo ni jioni nzuri kuliko rungu la ajabu.

Sime ya Wamaasai na majirani zao ni nyembamba karibu na mpini na hupanuka kuelekea nchani, kwa hiyo uzito uko mbele na kazi yake kubwa ni kukata. Wengi huiita upanga mfupi wa kitabuni, ambao ni wa kuchoma. Mimi naiweka kwenye mstari wa simita, upanga uliopinda: dadu ya pande 6, inakata, nyepesi, na mwenye wepesi anaweza kuitumia badala ya mwenye nguvu. Hakuna nyongeza ya 2. Mchezaji anayetaka sime yake iwe ya pekee, mpe ala nyekundu ya ngozi na jina la aliyemrithisha, halafu mwaga sifa za kichawi baadaye, atakapokuwa amezitolea jasho.

Mkuki wenyewe hauhitaji msaada wako kama ulivyodhani. Kitabuni una dadu ya pande 6 kwa mkono mmoja, pande 8 kwa mikono miwili, na unarushwa. Ni silaha chache sana zinazofanya yote hayo. Mkihamia kanuni za 2024, ambazo nazo zina sehemu ya bure, mpiganaji aliyejifunza mkuki akimpata adui, pigo linalofuata la adui huyo linarushwa kwa dadu mbili na kuchukuliwa iliyo ndogo. Ni mkuki unaomweka mtu mbali na wewe, jambo ambalo yeyote aliyewahi kumzuia fahali kwa fimbo ndefu analielewa.

Kuna silaha moja ambayo kitabu hakina kabisa, na ningependa uiingize: kisu cha mkononi cha Waturkana. Ni bamba la chuma la mviringo lenye uwazi katikati, linavaliwa kifundoni mwa mkono kama bangili, ukingo wa nje ukiwa umenolewa. Wakati hakuna vita, ukingo huo unafunikwa kwa ukanda wa ngozi ili mwenyewe asijikate wala asimkate mtoto anayembeba. Tazama inavyozaa kanuni yenyewe. Madhara dadu ya pande 4, inakata, inakubali wepesi. Haiwezi kuporwa mkononi, kwa sababu haijashikwa. Kiganja kinabaki wazi, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kupanda mwamba, kushika kamba, au kufanya uganga unaohitaji mkono mtupu. Gharama yake ni kuvua ule ukanda wa ngozi: akishtukizwa, zamu yake ya kwanza hana kisu. Na akiuvua sokoni, kila mtu anajua amekuja kwa shari. Mchezaji mjanja atakaa na jambo hilo dogo wiki nzima akilifikiria, kuliko ambavyo angekaa na dadu ya pande 12.

Mvuvi wako mpe chusa yenye kamba. Shusha madhara hadi dadu ya pande 4, halafu akimpata adui wa ukubwa wa mtu au mdogo wake, wanashindana nguvu. Mvuvi akishinda anamvuta futi 10. Adui anaweza kutumia zamu yake kukata kamba. Umepunguza kwenye madhara ukalipa kwenye kamba, na hiyo ndiyo biashara ya kila silaha mpya: isipotoa kitu, isipokee kitu.

Sumu nitaipitia haraka. Ile ya mti wa msunguti, inayojulikana sana kwa wawindaji wa Kikamba na Kigiriama, inaua kwa kuusimamisha moyo ikishaingia kwenye damu, na ukiiandika kama ilivyo, kila pambano litaisha kwa mshale mmoja. Tumia sumu ya kawaida ya kitabuni: adui anajaribu ustahimilivu wake dhidi ya 10, akishindwa anaumia dadu ya pande 4 zaidi. Kilicho kizuri cha kuchukua kutoka kwa wawindaji ni kwamba ncha iliyopakwa sumu hufungwa ngozi nyembamba isikauke. Basi mshale wa sumu uhitaji muda wa kufunguliwa kabla ya kurushwa. Na tafadhali, mti wenyewe uacheni msituni. Vivyo hivyo silaha halisi: asije mtu mezani na sime kwenye matatu ili kuonyesha wenzake. Askari wa barabarani hatakubali maelezo ya goblini.

Sasa niingie kwenye lililo zito. Umemwita Morani klasi. Morani ni hatua ya maisha. Katika jamii zenye marika, kijana anatahiriwa, anaingia rika, anakuwa mlinzi wa boma na ng'ombe kwa miaka kadhaa, kisha rika lake linapisha lingine na yeye anaoa, anakuwa mzee wa baraza. Wanaume wa rika zima hupitia hapo. Ndani ya kundi moja la vijana hao kulikuwa na mpanga mikakati, mwimbaji, mganga chipukizi, mwizi hodari wa ng'ombe, na bila shaka mwoga mmoja wawili. Wote hawawezi kuwa klasi moja ya ghadhabu. Kitabu kina mahali pake pa kitu cha namna hii: maisha ya awali ya mhusika, yale yanayompa stadi mbili, zana au lugha, vifaa kidogo, na watu wanaomjua. Morani awe huko. Mpe stadi ya kunusurika porini na ya michezo ya mwili, mpe wanarika wenzake wanaolazimika kumpa chakula popote awakutapo, halafu mchezaji achague klasi yoyote. Utashangaa ukiona Morani ambaye ni malenga.

Hilo la akili kupungua kwa 2, lifute leo, wala usilibadilishe likawa 1. Kwanza ni uongo wa kihistoria. Wanandi waliwasumbua Waingereza tangu 1895 hadi 1905, miaka kumi, dhidi ya watu wenye bunduki na reli. Waliijua ardhi yao, wakachagua lini wapigane na lini watawanyike, wakachukua nyaya za simu na vyuma vya reli wakavifanyia kazi yao wenyewe. Vita vilipata pigo kubwa pale kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano alioitiwa kama mazungumzo ya amani. Ukiwaandika hao kama watu wa misuli mingi na akili haba, unarudia alichokiandika mkoloni, nawe ukidhani unatunga dunia mpya.

Pili, mchezo wenyewe umeondoka huko. Kanuni za 2024 zilihamisha nyongeza za uwezo kutoka kwenye uzao wa mhusika hadi kwenye maisha yake ya awali, yaani alichofanya badala ya alikozaliwa. Tatu, na hapa naongea kama mkaaji wa Nakuru: katika miji yetu hii kuna watu waliohama nyumba mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwa sababu jirani alishaamua kabila lao lina tabia gani. Meza ya mchezo si mahali pa kufanyia mazoezi ya hesabu hiyo, hata kwa mzaha. Hutakuwa umekusudia, najua. Rafiki yako naye huenda anajua. Bado aliiona karatasi.

Unaweza kuuliza: kwa hiyo jamii zisitajwe kabisa, dunia iwe ya watu wasio na sura? Hapana. Zitaje kwa vitu wanavyofanya, wanavyovitengeneza, wanavyovisimulia. Wasamia walijulikana kwa uhunzi, na majembe yao yalifika mbali. Weka milima yenye wahunzi ambao kila upande wa vita unawahitaji, nawe una siasa ya kisa kizima cha mchezo bila kumpa mtu hata nusu ya nyongeza.

Au chukua Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo. Ukiwa Kisumu nina hakika kuna mchezaji wako anataka mwili wa jiwe, na Barbariani tayari ana kitu kinachofanana nao, kwa kuwa ghadhabu inapunguza kwa nusu madhara ya silaha za kawaida. Iache namba hiyo hiyo, mwili uwe jiwe badala ya hasira, kisha ongeza masharti ya hadithi. Akiwa jiwe juani, adui anayeijua siri anaweza kulenga kivuli chake, na pigo hilo linamwumiza kamili. Kwa malipo, ujiwe wake usikatike kwa sababu tu zamu imepita bila kupiga wala kupigwa, kama ghadhabu inavyokatika kitabuni. Wachezaji wataanza kukuuliza saa ngapi sasa, jua liko upande gani, kuna mti wa kivuli karibu? Maswali ambayo hakuna dadu inayoyaleta.

Ila kumbuka hadithi hiyo ina watu wa pande mbili. Magere anaangushwa na Wanandi, nao hawatumii misuli: bibi arusi wa Kinandi anagundua siri pale mume anapougua na kumwambia achanje kivuli ili dawa ishike. Huo ni ujasusi, kazi ya mtu mwenye akili ya 18. Rafiki yako angeweza kukuambia hivyo hivyo, angekuwepo.

Mpiga Nyatiti ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye orodha yako, na ndiye anayehitaji kanuni chache zaidi. Asiwe klasi. Awe tawi la klasi ya malenga (Bard wa kitabuni), kwa sababu malenga anapata vitu vya tawi kwenye leveli ya 3, ya 6 na ya 14 tu. Una mambo matatu ya kutunga, badala ya leveli 20 za kusawazisha. Watu wengi wanaotunga klasi nzima huishia leveli ya 4 wakachoka, na mchezaji wao akifika ya 5 anakuta ukurasa mtupu.

Tazama ala yenyewe kwanza. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji anakaa kwenye kigoda kifupi, njuga zimefungwa mguuni, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma anayoigongesha kwenye ala kushika mapigo. Mtu mmoja ni bendi nzima, na hawezi kusimama. Hapo ndipo kanuni ya leveli ya 3 inapotoka: mpiga nyatiti akiketi, mwendo wake unakuwa sifuri mpaka zamu yake ijayo, lakini hamasa anayoitoa, yaani dadu ya nyongeza, inawafikia wenzake wawili badala ya mmoja, kwa gharama ya hamasa moja. Ni nguvu kubwa, sikatai. Inalipiwa na ukweli kwamba yuko chini kwenye kigoda katikati ya uwanja na kila mpiga upinde anamwona.

Leveli ya 6 ni pakruok. Umeshaiona kwenye sherehe: mziki unapanda, mtu anainuka, anatoa pesa, anamsimamisha mpigaji, kisha anajisifu mwenyewe, ukoo wake, mama yake, kijiji chao, na watu wanashangilia. Ingiza hivyo hivyo. Kwa kawaida malenga anampa mwenzake dadu ya hamasa ya kuongeza kwenye jaribio moja. Anayepokea akiamua kusimama na kutoa sarafu ya dhahabu kwa mpigaji, halafu mchezaji mwenyewe, kwa mdomo wake, ajisifu mezani kwa sentensi mbili tatu, dadu hiyo inapanda ngazi moja. Kwenye leveli hiyo hamasa ni pande 8, basi inakuwa pande 10. Masharti ni mawili: kila anayesikia, hata adui, sasa anajua huyo ni nani na mwana wa nani, na jaribio alilolisifia likishindikana, hatasifiwa tena mpaka alale usiku mzima. Kwa wastani umempa pointi moja tu. Moja! Lakini kijana wenu mnyamavu kuliko wote atasimama kujisifu, na nyinyi wengine mtampigia makofi. Leveli ya 14 iachie kwanza, mtakapofika mtajua mnataka nini.

Ukiwa na mchezaji kutoka Kakamega, usimlazimishe nyatiti. Isukuti ya Waisukha na Waidakho inapigwa kwa ngoma tatu za ukubwa tofauti kwa pamoja, na UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kanuni yake itakuwa ya ushirikiano: hamasa inakua kadiri wenzake wanavyokubali kuacha kupiga silaha na kushika ngoma. Wabukusu wana litungu, Wagusii wana obokano yenye sauti nzito. Kila moja ina mwili wake na kila mwili utakupa kanuni.

Ukishaandika, jaribu kabla ya Jumamosi. Chagua pambano moja mlilokwisha kulicheza, lirudie peke yako mezani mara mbili: mara ya kwanza kwa silaha za kitabuni, ya pili kwa zako. Hesabu raundi. Kama pambano la raundi nne sasa linaisha kwa mbili, kuna kitu kimezidi. Kama linachukua nne zile zile lakini wahusika wamefanya mambo ambayo hawakuyafanya kwanza, umefaulu. Waambie pia wachezaji kwamba kila kipya kinakaa majaribio mwezi mmoja na kinaweza kubadilishwa. Kumnyang'anya mtu silaha aliyodhani ni yake milele huleta ugomvi usio na sababu. Na mkipenda siku moja kuchapisha dunia yenu, mnaruhusiwa: kanuni za bure za toleo la 5.1 ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, mnaweza kuzibadilisha na hata kuuza mradi mtaje zilikotoka.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, wala kitabu hakiwezi. Umbo na uzito wa silaha yatazame kwa macho yako: Makumbusho ya Kisumu hayako mbali nanyi, yana vifaa vya jamii za Magharibi na Bonde la Ufa pamoja na boma zima la Kiluo mnaloweza kuingia. Nendeni wote, mkiwa na karatasi za wahusika. Makumbusho ya Kitale nayo yanafaa mkipita huko. Mpiga nyatiti mtafuteni aliye hai, mumlipe kwa saa yake, mumuulize mguu wake unafanya nini. Na kuna vitu usivitunge kabla hujaketi na mzee wa jamii husika: nyimbo na siri za jandoni, mamlaka ya orkoiyot (kiongozi wa kiroho wa Wanandi), mahali pa matambiko kama ya Dini ya Msambwa ya Wabukusu. Akikwambia kitu fulani hakichezewi, kiache, hata kama hakuna mezani atakayejua. Tunga chako mwenyewe kijaze nafasi hiyo.

Rafiki yako usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wote. Mpigie, au mfuate. Mwambie mstari ule umefutwa, bila kumweleza ulikuwa na maana gani. Halafu usimwombe akutungie "Wanandi" wa dunia yenu, maana hiyo ni kumpa kazi ya kabila zima. Muulize tu alikuwa anataka kumcheza nani tangu mwanzo. Yawezekana alikuwa anamtaka yule jasusi.